Anti, wananiambia hela za mtandaoni nisiziandike kwenye ritani ya kodi

Shikamoo Anti,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba jina langu usiliweke na nchi niliyopo sitaitaja maana pale ofisini wapo wanaosoma safu yako na wakiunganisha mambo mawili matatu watajua ni mimi.

Najua watu wanakuandikiaga mambo ya wapenzi na wakwe, mimi langu ni kodi. Usicheke Anti, linaninyima usingizi kweli.

Iko hivi. Nimeajiriwa, mshahara unakatwa kodi kabla haujafika benki, kwa hiyo miaka yote sijawahi kuumiza kichwa, msimu wa kufaili ritani (ile fomu ya mwaka ya kuiambia ofisi ya kodi umeingiza nini na umekatwa nini) ukifika kulikuwa na kaka mmoja wa ofisini anatujazia wote, unampa namba ya mlipakodi na pasiwedi, jioni anakwambia tayari, unamshukuru na kitu kidogo basi. Sasa kaka kahamia mbali na mwaka huohuo ndo mambo yangu yamekuwa mengi. Jioni nafundisha kwenye chuo kimoja, nao wameniajiri kabisa na wananikata kodi yao, afu usiku na wikiendi nafanya dizaini kwa wateja wa nje ninaowapata mtandaoni, wanalipa kwa dola, jukwaa linakata kamisheni yake, inayobaki naihamishia benki au kwenye simu. Na kwenye simu hiyohiyo ndo dada yangu ananitumia hela za matumizi ya mama, ndo nakopa, ndo watu wananirudishia madeni, yaani ukiangalia stetimenti utadhani mimi tajiri kumbe hela zinapita tu.

Rafiki yangu anasema hizo za mtandaoni nisiziandike kabisa, zinatoka nje, nani atajua. Mwingine anasema kwa kuwa nimekatwa kodi na waajiri wawili basi lazima nimekatwa zaidi na serikali itanirudishia, na kusema ukweli hilo nililipenda, nimeshaichagua na laptopu ya kununua. Afu kuna kijana ananiambia atanijazia, halipwi kitu mpaka hela irudi, ikirudi anachukua robo, na ananihakikishia itarudi nyingi. Anataka pasiwedi tu.

Nina mfuko mzima wa risiti, za intaneti, za nauli, mpaka za nguo za kazini. Sijui pa kuanzia. Na kama itatokea nadaiwa na sina hela, si bora ninyamaze kwanza mpaka nizipate ndo nifaili? Nisaidie Anti.

Mimi mwenye mfuko wa risiti

*

Marahaba mwanangu,

Sicheki, na wala si wewe peke yako, msimu huu barua za wakwe zinapungua na za kodi zinaongezeka.

Kwa kuwa nchi hukuitaja nitakujibu yale yanayofanana karibu kila mahali, na pale penye sheria ya kwenu peke yenu nitakwambia ukaulize. Na cha kwanza cha kuuliza ni tarehe maana hizo ndo hazifanani kabisa. Kenya watu wanafaili mpaka 30 Juni, Marekani mpaka 15 Aprili, Kanada 30 Aprili, Australia mwaka wao wa kodi unaisha 30 Juni na wanaojaza wenyewe wana mpaka 31 Oktoba, Uingereza ndo vituko, mwaka wa kodi unaisha 5 Aprili (asili yake ni mwaka 1752 walipobadilisha kalenda wakaruka siku 11, mpaka leo wanaishi na hiyo tarehe) halafu ritani ya mtandaoni mwisho ni 31 Januari inayofuata. Kwa hiyo tafuta vitu viwili, mwaka wa kodi wa kwenu unaanza na kuisha lini, na dedilaini ni lini. Watu wanakumbuka dedilaini wanasahau hicho cha kwanza, wanakuja kujumlisha miezi isiyohusika.

Cha pili, pasiwedi badilisha leo. Kaka wa ofisini anaweza kuwa mtu mwema kabisa lakini kaondoka na ufunguo wa mambo yako yote. Ukishaingia angalia namba ya simu na imeili zilizoandikwa mle kama ni zako au ni zake, maana wajazaji wengi huweka zao ili wapokee wao zile namba za siri za kuthibitisha, afu fungua ritani za miaka iliyopita uzisome. Nakuhakikishia wengi wanaojaziwa hawajawahi kuziona ritani zao wenyewe hata siku moja, na sahihi pale ni yao.

Sasa huo mfuko wa risiti uweke pembeni. Sijasema utupe. Kila mtu akisikia ritani anakimbilia risiti, wakati kazi kubwa ni kujua kilichoingia, ukishaijua namba ya kilichoingia ndo unakwenda kutafuta cha kupunguza. Na kufaili kwenyewe ni jioni moja tu kama namba unazo, watu wanaolia usiku wa mwisho wanalia kwa sababu wamefungua fomu kabla hawajazijua namba zao, afu mtandao unagoma, hati ya mwajiri haipo, wanaanza kukisia.

Kwa hiyo anza hivi. Waandikie waajiri wote wawili uombe hati ya mwaka inayoonyesha jumla waliyokulipa na jumla ya kodi waliyokata na kupeleka. Kila nchi ina jina lake la hiyo hati lakini idara ya mishahara ukiwaambia ya kufailia ritani watakuelewa. Iombe sasa hivi, usisubiri mpaka kila mtu anaiomba. Ikija ilinganishe na slipu zako za kila mwezi, na kama mfumo wa kodi wa kwenu unakuonyesha walichopeleka waajiri basi linganisha na huko pia. Wakati mwingine mwajiri amekata ila hajapeleka, au kapeleka kwa namba ya mtu mwingine, na hilo ukiligundua mapema unamfuata wakati muda bado upo.

Halafu stetimenti. Hapa usifanye haraka maana ndo pana mambo. Toa ya benki, ya simu na ya lile jukwaa, za mwaka mzima wa kodi, ukae uzipitie mwezi mmoja mmoja, kila hela iliyoingia uiandikie pembeni ni nini: mshahara, kazi ya mteja, mkopo, deni nililorudishiwa, hela ya mama, au nimehamisha mwenyewe kutoka akaunti yangu kwenda akaunti yangu. Mkopo sio mapato. Hela yako uliyoihamisha sio mapato. Ya dada ya kumtunza mama kwa kawaida sio mapato yako. Mwisho wa zoezi utaona ile stetimenti iliyokutisha imepungua sana, na zaidi ya hapo umepata maelezo ya maandishi, siku ofisi ya kodi ikiuliza mbona akaunti yako inapitisha hela nyingi kuliko ulizoandika unatoa karatasi yako unaonyesha. Mtu ambaye hakuandika akiulizwa baada ya miaka miwili hawezi kukumbuka ile ya Machi ilikuwa ya nini. Na kuanzia sasa fungua akaunti ya kazi peke yake, hata iwe ya bei rahisi vipi.

Kwenye hela za dizaini kuna mtego mmoja, usiandike ile iliyofika benki. Mteja akilipa 100 jukwaa likachukua 20 ukapokea 80, mapato yako ni 100, ile 20 unaiandika kama gharama ya kazi. Jibu la mwisho utaliona lilelile ukajiuliza kwani kuna haja gani, haja ni kwamba jukwaa likitoa taarifa zako linaweza kutaja 100, na wewe umeandika 80, hapo mashine inapiga kengele bila kujali kamisheni. Dola nazo zinabadilishwa kwa kiwango ambacho ofisi yenu ya kodi inakikubali, wengine wanataka cha siku ulipolipwa, wengine wanakubali wastani wa mwaka, hilo kaulize na ukishachagua utumie hichohicho kwa zote, usichague kila mwezi kile kinachokupendeza. Na kama kuna mteja wa nje alikukata kodi ya kwao, mwombe cheti, nchi nyingi zinakubali ile kodi ya nje ipunguze ya ndani ila bila cheti hamna mazungumzo.

Sasa huyo rafiki wa "nani atajua". Mwambie habari zimempita. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2023 umeyalazimisha majukwaa kukusanya taarifa za wauzaji na watoa huduma na kuzipeleka mamlaka za kodi, Uingereza wakaanza na wao 2024, na kwa upande wa akaunti za benki nchi zaidi ya 100 zinabadilishana taarifa zenyewe kwa zenyewe bila kuombwa, mpango uliosimamiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, na ulioanza kazi mwaka 2017. Sijasema kila hela yako wanaiona leo. Nasema taarifa zinakuja polepole na kwa kurudi nyuma, na wao hawana haraka, unaweza ukaulizwa mwaka wa leo ukiwa umeshasahau kabisa, afu kodi ile inakuja na adhabu na riba juu. Na tena ukificha mapato unapoteza na haki ya kupunguza gharama zake, huwezi kupunguza intaneti ya kazi ambayo umesema hukuifanya.

Nije kwenye laptopu yako, pole mwanangu. Kukatwa na waajiri wawili hakumaanishi umekatwa zaidi, mara nyingi ni kinyume chake. Nitakupa mfano kwa namba za kubuni. Tuseme sheria inasema 300 za kwanza za kila mwezi hazikatwi, zinazozidi zinakatwa asilimia 20. Mwajiri wa kwanza anakulipa 1,000, anatoa 300, inabaki 700, anakata 140. Chuo kinakulipa 400, na chenyewe hakijui habari za mwenzake, kinakupa 300 yako tena, inabaki 100, kinakata 20. Jumla umekatwa 160. Lakini wewe ni mtu mmoja na 300 yako ni moja, mapato yako ni 1,400, toa 300 inabaki 1,100, kodi yake 220. Hapo unadaiwa 60 ya kila mwezi uliofanya kazi kote kuwili, na hujasogea kwenye dizaini ambako hakuna aliyekukata hata senti. Na nchi nyingi kodi inapanda ngazi, mapato yakizidi kiasi fulani zile za juu zinakatwa zaidi, kila mwajiri anakuona uko ngazi ya chini kumbe ukijumlishwa umeshapanda. Zipo nchi ambazo mwajiri wa pili anakata bila ule unafuu wa 300 zisizokatwa, huko hali inakuwa nafuu kidogo na kweli unaweza kurudishiwa, angalia slipu ya chuo kama unafuu umeandikwa. Ila mpaka umejumlisha mwenyewe usinunue kitu, na dada yako kama ulimdokezea mwambie asubiri.

Huyo kijana wa robo mkimbie. Fikiria tu kwa akili ya kawaida, analipwa kutokana na kinachorudi, kwa hiyo kila anapoongeza gharama za uongo au tegemezi wasiokuwepo yeye anapata zaidi, na siku ukaguzi ukija robo yake kashakula na anayeitwa ni wewe. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kila msimu inawaonya watu wake juu ya wajazaji wa namna hii hasa, wanaodai asilimia ya marejesho, na wanaojaza halafu hawataki jina lao lionekane kwenye ritani. Atawezaje kukuhakikishia itarudi nyingi wakati hajaona hata slipu yako moja? Ukitaka msaada, na kwa mwaka huu nadhani unauhitaji kwa sababu ya dola, tafuta mhasibu au wakala wa kodi aliyesajiliwa, anayesema bei yake mwanzoni, anayekubali kuandika jina lake, anayekuacha uisome ritani kabla haijatumwa. Pasiwedi hahitaji, mifumo mingi ina njia ya kumpa wakala ruhusa ukaiondoa ukimaliza. Marejesho kama yapo yaingie akaunti yako, isiwe yake.

Na tukiwa hapohapo, msimu huu utapata meseji "umerudishiwa kodi, bonyeza linki kuthibitisha". Usibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako kwa anwani unayoijua.

Haya sasa leta mfuko. Kuna vitu viwili usivichanganye, kuna kinachopunguza mapato kabla kodi haijapigwa, na kuna kinachopunguza kodi yenyewe. Kama kodi yako ni asilimia 20, risiti ya 100 ya aina ya kwanza inakuokolea 20, unafuu wa 100 wa aina ya pili unakuokolea 100 nzima. Kwa hiyo vile vya aina ya pili, unafuu wa bima au wa watoto au wa namna yoyote sheria yenu inaoutoa, vitafute kwanza kabla hujaanza kusumbuka na nauli.

Intaneti ya nyumbani unaiandika kwa sehemu unayoitumia kwa kazi tu, uwe na namna ya kueleza sehemu hiyo umeipataje. Laptopu na vifaa vya kudumu nchi nyingi zinagawanya gharama yake miaka kadhaa, usiimalize yote mwaka mmoja mpaka uhakikishe sheria yenu inaruhusu. Nauli ya kutoka nyumbani kwenda kwa mwajiri mara nyingi haihesabiki. Nguo za kazini sahau, labda iwe sare au vifaa vya kujikinga. Uingereza kuna wakili mwanamke alipigania nguo zake nyeusi za mahakamani mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama yao ya juu enzi hizo, mwaka 1983, akashindwa, wakasema nguo ni nguo, unavaa pia ili usitembee uchi. Kama wakili kashindwa na suti ya mahakamani sidhani wewe utapita na blauzi ya kufundishia.

Risiti zile za wino unaofutika zipige picha sasa, kufika mwakani zitakuwa karatasi nyeupe. Na ukishafaili usitupe kitu, Australia wanataka utunze miaka 5, Kanada 6, yenu angalia.

Swali lako la mwisho ndo lililonishtua, la kunyamaza. Usinyamaze. Kufaili na kulipa ni mambo mawili tofauti na kwenye nchi nyingi adhabu zake ni mbili tofauti. Marekani kwa mfano asiyefaili anapigwa asilimia 5 ya kodi anayodaiwa kwa kila mwezi, mpaka ifike 25, wakati aliyefaili ila hajalipa anapigwa nusu asilimia kwa mwezi. Ona tofauti hiyo, mara kumi. Uingereza ukichelewa ritani unaandikiwa faini ya pauni 100 hata kama hudaiwi kitu. Kwa hiyo faili kwa wakati na namba za kweli, lipa kidogo ulichonacho siku hiyo, afu waandikie uombe kulipa kwa awamu, wengi wanakubali ukija mwenyewe kabla hawajakufuata. Na ukisikia unaweza kuomba kuongezewa muda uliza ni muda wa nini, Marekani ukiongezewa mpaka 15 Oktoba ni wa kufaili tu, hela yao inahesabiwa riba tangu Aprili.

Halafu mwakani usirudie stresi hii. Nenda chuoni uwaambie wewe una mwajiri mwingine, wakukate bila unafuu, mshahara wa jioni utapungua ila deni la mwisho wa mwaka halitakuwepo. Kila malipo ya dizaini yakiingia tenga sehemu siku hiyohiyo kwenye akaunti usiyoigusa, kwa kiwango cha ngazi yako ya juu maana hizo zinajumlishwa juu ya mishahara. Na uliza kama mtu mwenye mapato yasiyokatwa anatakiwa kulipa kidogo kidogo ndani ya mwaka, nchi nyingi zinataka hivyo, Marekani ni awamu nne, Uingereza mbili za Januari na Julai, na watu wengi wa kazi za pembeni wanalijua hilo siku ya adhabu.

Ukikwama kwenye hizo dola niandikie tena nikuelekeze. Ila usinitumie namba ya mlipakodi wala pasiwedi, hata mimi.

Anti